Theluji ya Mei na goti lililopasuliwa

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka milimani Colorado, huku ambako mwezi wa tano huu watu bado wanateleza kwenye theluji na wengine wamevaa kaptula. Naandika kuhusu ile makala yenu ya wanaoishi ughaibuni, ile iliyosema mtu aliyeumia goti kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, anaweza kurudi taratibu mwisho wa msimu, mwezi wa nne au wa tano, kwa sababu wakati huo theluji ni laini, jua linawaka, watu wamepungua na tiketi za kutelezea zimeshuka bei. Mambo ya tiketi na watu sibishi, ni kweli kabisa. Hilo la theluji laini ndo limenikalisha chini niandike, maana mimi kazi yangu ni fundi kwenye duka la kukodisha skii, kutwa nzima nafunga watu buti na kurekebisha baindingi, vile vishikio vinavyobana buti kwenye skii na kuiachia ukianguka, na hao wanaorudi baada ya upasuaji wanapita mezani kwangu, na kila Mei ikifika wanakuja na maneno yaleyale, fundi leo nateleza kidogo tu, theluji yenyewe laini, hata nikianguka siumii.

Laini sawa. Ila laini ya saa ngapi?

Wasomaji wa nyumbani niwaweke sawa kidogo maana najua wengi mnasoma hii mko Kariakoo na jasho linawatoka. Maeneo mengi ya skii huku Marekani yanafunga mwezi wa nne. Machache yanaendelea, na linalojulikana zaidi kwa hapa kwetu ni Arapahoe Basin, wenyewe wanaita A-Basin, liko juu kabisa karibu na Loveland Pass, limefunguliwa tangu miaka ya 1940 baada ya vita. Miaka mingi linafika mwanzo wa Juni, na mwaka 1995 theluji ilikuwa nyingi mpaka wakateleza hadi tarehe 10 Agosti, nadhani wazee wa huku watasimulia hiyo mpaka wafe. Sababu ni mbili tu, kwanza ni juu sana na pili miteremko yake mingi inaangalia kaskazini kwahiyo jua haliipati vizuri. Mimi ni mtu wa Marangu kwahiyo napima kwa kwetu, pale chini kwenye maegesho ya magari ni mita 3,286, yaani umeshapita kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro uko njiani unaelekea Horombo, na ukipanda lifti, vile viti vinavyoning'inia kwenye waya, mpaka juu unafika kama mita 3,800, hapo Horombo umeiacha chini kidogo. Mtu anatoka Denver asubuhi akiwa mita 1,600 na saa tatu baadaye yuko huko juu anahema, mapaja hayana hewa, na goti lake lina miezi michache tangu lipasuliwe. Hilo peke yake lingetosha kumwambia mtu subiri, lakini ngoja nifike kwenye theluji yenyewe maana ndo kiini cha barua.

Theluji ya Mei haifanani na ya Januari hata kidogo. Januari inaanguka mpya, kavu, inabaki hivohivo siku nyingi kwa sababu ya baridi. Mei inayeyuka mchana na kuganda usiku, inayeyuka na kuganda, kila siku, mpaka zile punje ndogondogo zinaungana zinakuwa punje kubwa za mviringo zilizoshikana kwa barafu. Usiku ukiwa mweupe hauna mawingu joto linatoka lote linapotea juu, maji yote ya jana yanaganda, na asubuhi lifti zikifunguliwa kama saa 2 na nusu mteremko wote ni bamba, ukishuka unasikia skii zinakwaruza kama kijiko kwenye ukoko wa sufuria. Hapo hakuna laini yoyote. Ukianguka hapo unateleza mpaka ukutane na kitu cha kukusimamisha, na kitu chenyewe huchagui.

Alafu jua linashika. Miteremko inayoangalia mashariki inaanza, inafuata ya kusini, ya magharibi inakuja mwisho, na hii ya kaskazini inachelewa zaidi. Sentimita mbili tatu za juu zinaachia, chini bado ni imara, na hapo jamani, hapo ndo raha yote ya mwisho wa msimu ilipo, skii inashika vizuri inaachia vizuri, unageuka bila nguvu, hata mtu wa kawaida anajiona bingwa. Kama makala yenu ilikuwa inazungumzia saa hiyo basi tuko pamoja. Tatizo saa hiyo ni fupi, siku nyingine ni saa moja na nusu tu, labda kuanzia saa 4 mpaka saa 5 na nusu, inategemea usiku ulikuwaje na mteremko unaangalia wapi. Na kama usiku ulikuwa na mawingu haijaganda kabisa, hiyo siku hamna saa nzuri, unaamka inakuwa rojorojo kuanzia asubuhi.

Kuanzia saa 6 mchana kwenda mbele ndo rojorojo yenyewe, na ndo saa ambayo watu wa goti wanafika, kwa sababu wameamka kwa starehe, wamekunywa chai, wameambiwa theluji ikichelewa inazidi kuwa laini. Rojorojo ina uzito bwana. Ni maji na barafu vimechanganyika, skii inazama, inasukuma lundo mbele yake, mamia ya watu wameshapita wameacha matuta na mashimo, na ukitaka kugeuka mwili unataka kugeuka, skii haitaki, na kilichopo katikati ya hao wawili ni goti. Ongezea na hili la kivuli. Chini ya miti au chini ya mstari wa lifti theluji bado ni ya baridi na inakimbia, hatua mbili mbele unatokea juani kwenye theluji imejaa maji na uchafu, skii inanyonywa, inafunga breki ghafla wakati wewe mwili bado unakwenda. Mimi dukani siku za hivi napaka nta ya joto, nachora mifereji midogo chini ya skii ili maji yapate pa kupita, inasaidia, lakini haiondoi. Mtu mwenye mapaja mazima anapepesuka anajirudisha, yule ambaye paja la mguu mmoja limekonda tangu upasuaji hajirudishi.

Na mchana huohuo mwingi wa joto ndo miteremko mikali inaanza kuporomoka, maana maji yanapenya chini yanalegeza. Mei 2005 maporomoko ya theluji mbichi yaliua mtu palepale A-Basin, ndani ya eneo linalolindwa, sio huko porini. Hayo ni mengine, nayataja tu kwa sababu mtu akisikia laini anadhani na hatari imelainika.

Sasa goti. Ligamenti, ule mkanda unaoshika mfupa na mfupa, inayochanika sana kwenye skii ni ile ya mbele ndani ya goti, ACL, na watu wengi wanadhani inachanika kwa spidi kubwa, mtu anaruka anagonga mti. Hapana. Inachanika sana kwa vianguko vya kijinga vya polepole. Kuna watafiti Vermont, wamekaa kwenye eneo moja linaitwa Sugarbush tangu 1972 wakihesabu nani kaumia nini, na walichokiona ni kwamba baindingi zilivyozidi kuwa nzuri mifupa ya muundi iliacha kuvunjika ovyo, ila magoti yakaanza kuchanika zaidi. Wakaja kuelezea namna kinavyotokea. Mtu anakaa nyuma, makalio yanashuka chini ya magoti, mkono wa upande wa juu unabaki nyuma, skii ya juu haina uzito, uzito wote uko kwenye ukingo wa ndani wa mkia wa skii ya chini, na hiyo skii inakata kwenda ndani na goti linafuata. Basi. Hamna aliyekugonga, hamna spidi, na baindingi haikuachia kwa sababu haikutengenezwa kusikia msokoto wa namna hiyo, yenyewe inasikia ncha ya buti ikizungushwa na kisigino kikinyanyuka kwenda mbele.

Sasa mniambie, mtu akichoka kwenye rojorojo anafanya nini? Anakaa nyuma. Kila mtu. Mapaja yakiungua unakaa nyuma upumzike, na theluji nzito inakufundisha kukaa nyuma ili ncha zisizame. Yaani hali ya mwisho wa msimu mchana inakuweka yenyewe, bila kukuuliza, kwenye mkao uleule uliokuchana. Hilo ndo sikuliona kwenye makala yenu, na ndo ningependa msomaji aliyeikata akaibandika kwenye friji alijue.

Zuri ni kwamba haohao wa Vermont waliwafundisha wafanyakazi wa milimani, walimu na watu wa doria, namna ya kutambua huo mkao na namna ya kuanguka, na matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha magoti yaliyoumia vibaya yalipungua kwa asilimia 62 kwa waliofundishwa. Na mafunzo yenyewe sio makubwa. Ukianza kuanguka usipigane, usinyooshe miguu, acha magoti yamekunjwa. Ukishaanguka usijaribu kunyanyuka wakati bado unateleza, subiri mpaka uache kuteleza kabisa. Mikono mbele muda wote. Mimi nawaambia wateja wangu wakati nawafunga buti, wengine wananisikiliza wengine wanaangalia simu.

Twende kwenye kalenda maana hapo ndo watu wanajidanganya. Ligamenti mpya wanakutengenezea kutoka kwenye mshipa wako mwenyewe, ule wa msuli sio wa damu, wa chini ya kifuniko cha goti au wa nyuma ya paja, na ule mshipa ukishawekwa ndani unapitia kipindi unadhoofika kwanza kabla mwili haujaupelekea damu upya ukaukubali kuwa ligamenti. Hiyo ni kazi ya miezi mingi. Maumivu yanaisha mapema sana, uvimbe unaisha, mwezi wa tatu unapanda ngazi bila kushika, mwezi wa nne unakimbia kwenye mashine, na ndani ligamenti bado mbichi. Aliyeumia Krismasi akapasuliwa Januari, Mei ni mwezi wake wa nne. Wa nne! Na huyo ndo haswa anayekuja kwangu, kwa sababu pasi yake ya msimu alilipia mwaka jana na anaona inaisha hajaitumia. Kuna utafiti wa Oslo na Delaware uliotoka 2016, waliwafuatilia waliofanyiwa upasuaji huo wakarudi kwenye michezo ya kukata kona, wakakuta kila mwezi mtu anaochelewa kurudi, mpaka kufika mwezi wa 9, hatari ya goti kuumia tena inapungua kwa asilimia 51. Kila mwezi. Na sio kalenda peke yake, nguvu ya paja la mguu uliopasuliwa inatakiwa iwe imekaribia ya mguu mzima, mafizio, wale wataalamu wa mazoezi ya viungo, wengi wanataka asilimia 90 na kuendelea, wanapima kwa mashine na kwa kukurusha kwa mguu mmoja. Mtu ambaye hajapimwa hivyo akiniambia amepona namuuliza umejuaje, ananiambia haliumi.

Najua kuna watakaonijibu kwa Lindsey Vonn, yule Mmarekani bingwa wa mashindano ya skii. Kila mtu ananitajia Lindsey Vonn. Na mimi nampenda sana yule mama, aliharibu goti Schladming, Austria, 2013, akarudi, akaharibu tena, akastaafu 2019, Aprili 2024 akawekewa goti la kulia nusu bandia, na Machi 2025 kule Sun Valley akiwa na miaka 40 akamaliza wa pili kwenye super-G, mbio za kushuka kwa kasi, ya Kombe la Dunia. Ni maajabu kabisa. Ila angalieni amefanyaje, yule ana fizio wake, ana mtu wa kumtengenezea skii, ana mtu wa kupanga kila siku anafanya nini, na mteremko wa mashindano unamwagiwa maji unakuwa mgumu kama saruji makusudi, hawashindani kwenye rojorojo ya saa 8 mchana, ikilainika hivo wanaahirisha au wanaanza mapema. Wewe unatoka zamu ya usiku ya kufanya usafi hotelini unaenda kuteleza ukiwa umelala masaa manne tu. Msijifananishe.

Mimi mwenyewe goti langu la kushoto lilichanwa na mtu aliyenigonga kwa nyuma kwenye mteremko wa wanaojifunza, sitaji wapi. Mei iliyofuata nilikuwa bado mwezi wa tano tangu nipasuliwe, goti haliumi, jua linawaka, na fizio wangu hakusema hapana wala ndiyo, alisema tu paja lako ni asilimia sabini na kitu. Mke wangu ndo alisema hapana. Nikabaki chini maegeshoni. Sasa kwa msiojua, A-Basin pale chini wana sehemu inaitwa Beach, ni maegesho tu ya changarawe mbele ya mteremko, lakini mwisho wa msimu watu wanapaki wanafungua viti, wanawasha majiko, wanachoma nyama tangu asubuhi, mbwa, watoto, muziki. Wakenya wa Aurora, mji ulio jirani na Denver, walikuwepo na mbuzi, mimi nikawa mchomaji, na kiukweli nilifurahi kuliko walioteleza, maana kufika saa 7 walikuwa wanashuka wamelowa mpaka kwenye chupi. Nilirudi kwenye skii Desemba, asubuhi, kwenye theluji ya baridi iliyosawazishwa na mashine, mteremko wa kijani, yaani ule rahisi, nikiwa na bresi ya goti, ile yenye vyuma pembeni.

Bresi inabishaniwa sana, madaktari wengine wanaona haina maana. Mimi nimeshikilia utafiti wa Vail, hapahapa Colorado, uliotoka 2006, uliwaangalia wafanyakazi wa milima ya skii waliokuwa wamefanyiwa upasuaji huu wa ACL, na wale wasiovaa bresi waliumia tena mara 2.74 zaidi ya waliovaa. Ni watu wa kazi kama yangu, theluji kama yangu, kwahiyo navaa. Inabana, inanuka, na suruali haikai vizuri.

Kuna suala la hela ambalo makala iligusa kijuujuu. Tiketi za Mei kweli ni nafuu, na ndo maana naelewa mtu anashawishika, hasa sisi ambao tiketi ya Februari ya siku moja inaweza kula mshahara wa siku mbili. Lakini bima nyingi za huku zinalipia vikao vya fizio idadi fulani kwa mwaka alafu basi, ukichana mara ya pili unaanza kulipa mwenyewe, na kuna siku za kazi utakazokosa, na kwa wengi wetu tunaofanya kazi za kusimama hiyo ni miezi. Kuna jamaa mmoja wa Bukavu, fundi mwenzangu, kila akiona mtu wa goti anataka kukodi saa 7 mchana anamwambia, ndugu yangu, mimi nikukodishe skii kwa dola arobaini ukanunue upasuaji? Wateja wanacheka. Meneja hacheki.

Kwahiyo mimi nasema hivi. Kama hujafika miezi 9 au hujapimwa nguvu, Mei sio yako, njoo uchome nyama. Kama umeshafika, labda uliumia msimu wa juzi, fizio amekupima, unataka tu kujaribu kabla msimu haujaisha, basi Mei inawezekana lakini kwa saa yake. Angalia usiku kama kumeganda. Usianze na bamba la asubuhi, kaa unywe chai mpaka uone watu wanaoshuka hawakwaruzi tena. Teleza ile saa nzuri kwenye mteremko mpana usio na kona, na skii ikianza kuzama mpaka juu ya buti, au mapaja yakianza kutetemeka, ondoka, hata kama umepanda lifti mara tatu tu na tiketi ni ya siku nzima. Usipande ile ya mwisho, vianguko vingi vinavyokuja kwangu na skii zimeletwa na watu wa doria ni vya ile ya mwisho kabla ya kwenda nyumbani. Na ukifika dukani sema ukweli kwenye fomu. Namba ya baindingi tunaitoa kwenye uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya utelezaji wako, na anayerudi baada ya upasuaji hana aibu yoyote kujiandika aina ya kwanza, mwangalifu, hata kama zamani alikuwa wa tatu. Ila usiniombe niishushe chini ya hapo, maana kwenye theluji nzito itakuachia njiani wakati hujaanguka, na kuanguka bila skii moja ni balaa lingine.

Jingine dogo la Mei ambalo watu hawalijui, ni tope. Theluji ya maegeshoni imeyeyuka, unatembea na buti kwenye changarawe na matope alafu unakanyaga moja kwa moja kwenye baindingi. Jiwe dogo au tope likikaa kati ya soli na baindingi ile hesabu yote tuliyofanya inaharibika, inaweza isiachie. Kwangua soli kwa fimbo kabla hujafunga. Kila mara.

Mwisho kuna wale wasomaji wenu ambao najua watacheka kwamba Mchaga anaandika barua nzima kuhusu mchezo wa wazungu. Kenya ilimpeleka Philip Boit kwenye Olimpiki ya majira ya baridi Nagano 1998 na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, akashuka PyeongChang 2018 akiwa Mkenya, kwahiyo jirani wameshaanza. Na kwetu Kibo skii zimeshafika zamani kuliko mnavyodhani, 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda nazo, na ile barafu iliyobaki kule juu kileleni bado ina jina la huyo wa kwanza, ingawa inavyokwisha sijui jina litakaa wapi. Baba mkubwa alikuwa mgumu, alibeba mizigo ya wageni miaka na miaka, na yeye alikuwa anatuambia wageni wanalia kupanda lakini magoti yanafia kushuka. Angewaelewa wateja wangu vizuri sana.

Naomba barua hii itoke kabla ya wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya huku ya mwisho wa Mei, maana hapo ndo watatujaa. Na wenye skii za mtumba za kununua kwa mtu mtandaoni, msije mkagombana na fundi akikataa kugusa baindingi zenu. Makampuni kila mwaka yanatoa orodha ya baindingi ambazo maduka yanaruhusiwa kuzifanyia kazi, yako ikiwa imetoka kwenye orodha hakuna duka litakaloiwekea saini, iwe nzuri namna gani, na kwa goti lililopasuliwa hiyo skii itundike ukutani.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi skii, mzaliwa wa Marangu
Summit County, Colorado